Herufi O, Ishirini na Nne, Nukta

Masijala yetu iko nyuma ya jiko la hospitali,
ndiyo maana majalada ya Tukuyu hunuka moshi na maharage.
Mvua ilianza Jumatatu, leo Alhamisi,
karatasi zimelegea kama jani la mgomba lililopitishwa motoni.

Mbele yangu: Tusekile Mwaisaka, miaka thelathini na mmoja,
mimba wiki ya thelathini na sita,
sukari kabla ya chai, nane nukta mbili.
Daktari ameandika neno moja, *Kisukari*,
akalipigia mstari, akakimbilia chumba cha upasuaji.

Neno moja halinitoshi.
Kompyuta haimjui mwanamke aliyevimba miguu,
inajua herufi O, ishirini na nne, kisha nukta,
na baada ya nukta inangoja, kimstari kinapepesa.
Nne, kama sukari imekuja na mimba.
Moja, kama ilikuwamo mwilini tangu zamani, ile ya ukubwani.
Tisa, kama hatujui.
Tisa ni kichaka chetu.
Mwezi uliopita nilijificha humo mara kumi na saba,
watu wa bima wakarudisha madai yote
na muhuri mwekundu: FAFANUA.

Nikatoka na jalada ndani ya koti.
Wodi ya wazazi, kitanda cha sita, mablanketi mawili.
Pembeni sahani ya mbalaga, imepoa, hajaigusa:
nesi Ikupa kamwambia ndizi zisizidi ngumi.
"Ngumi ya nani?" akaniuliza. "Yangu, au ya mama mkwe?"

Nilicheka. Kisha nikauliza nililotumwa na nukta.
Sukari hii, uliambiwa lini?
"Mimba hii."
Na kabla yake?
Akatazama dirishani, ambako Rungwe haukuwapo, ukungu mtupu.
"Kabla yake nilikuwa natumia jina la baba."

Jina la baba.
Nikapanda ngazi hadi rafu ambayo panya wameshaikagua,
na pale, kati ya Mwakipesile na Mwandemele,
Tusekile Mwalyego, miaka sita iliyopita.
Mkojo: sukari, alama mbili za kujumlisha,
ambazo ukizitazama kwa jicho la uchovu ni misalaba.
Hatua iliyochukuliwa: pengo.
Mtoto: wa kiume. Uzito: kilo nne nukta nane.
Hali ya mtoto:
hapo mwandiko unakuwa mdogo,
kama mtu anayenong'ona kwa kalamu.
Na chini kabisa, saini ya aliyepokea jalada.

Yangu.

Nilikuwa mgeni kazini.
Nilipanga kwa alfabeti, nikafunga kabati,
nikaenda kunywa chai. Nadhani niliweka vijiko vitatu.

Nilitafuta uzi wa kushonea magunia,
nikayafunga majalada mawili mgongo kwa mgongo,
nikamngoja daktari mlangoni.
Alisoma amesimama, glavu moja bado mkononi.
"Kwa hiyo ilikuwapo siku zote?"
Sijui, daktari. Mimi si mpimaji.
Nasema tu majalada ni mawili na mtu ni mmoja.

Alikaa. Akaomba kalamu yangu.
Aliandika mistari minne, ya kwanza mwaka huu ninayoweza kuisoma:
historia, tarehe, dozi ya sindano asubuhi na jioni,
na kwamba huyu wa safari hii hatangojewa hadi uchungu uanze wenyewe.

Nikarudi kwenye kimstari kinachopepesa.
Nikajaza tarakimu iliyoandikwa, nikabonyeza, ikapokea
bila kushukuru.

Lakini haina kisanduku cha wiki ya sita baada ya kujifungua,
siku ambayo mtoto huwa mgongoni, chai inachumwa,
na mama anajiona mzima.
Kwa hiyo ndani ya jalada, kwa penseli,
maana wino huvuja kwa unyevu wa huku, nimeandika:

*Arudi. Apimwe tena.
Asipokuja, atafutwe.
Ana majina mawili.*