Picha ya Julai

Nilikuja Hervanta na ramani ya mita mbili,
nikaitandaza mezani pale maktaba,
pembe zake nikazibana kwa kikombe, kwa kamusi,
na kwa kiatu cha mtoto aliyekwisha kukivua.
Halmashauri ilinipa saa moja na nusu,
vibandiko vya kijani kwa wanaopenda,
vyekundu kwa wanaokataa,
na biskuti za mdalasini, wasije wakanikimbia.

Nilichora vizuri, nakiri.
Bembea sita. Mtelezo uliopinda kama mdomo wa birika.
Sakafu ya mpira, rangi ya chungwa bivu.
Miti michanga, na chini ya kila mti kivuli
nilichokipaka kwa brashi yangu bora.

Pihla, miaka tisa, pengo la meno mawili,
aliinamia picha kama fundi saa.
"Hii ni Julai," akasema.
"Enhe?"
"Julai hatupo. Julai tuko ziwani kwa bibi.
Hapa tunaishi Novemba."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
na mimi nilikwisha kutandika shuka,
nikapanga na mito,
wala sijawahi hata kukikalia.

Basi wakaanza, si kwa zamu kama nilivyoomba.
Iines: mnyororo wa bembea ukiganda
unang'ata mpaka ndani ya glavu.
Touko: taa ya kona huzimika yenyewe
mchezo ukishakolea.
Saa tisa mchana giza limeingia,
kivuli cha nini? Kivuli tunacho tele.
Nasteho: mama yangu hunisubiri penye upepo,
hakai, hakuna pa kukaa, anasimama tu.
Mchoree ukuta. Mfupi, aweze kuniona.
Mmoja alitaka papa. Papa hai.
Nikaandika: papa.

Aatu hakusema kitu.
Kibandiko chake cha kijani alikishika mpaka kikajikunja,
kisha akakibandika mezani, kwenye mbao tupu,
shibiri moja nje ya ramani.
Nikatabasamu, nikakibandua, nikamwonyesha mpaka.
Akakichukua, akakirudisha palepale.

"Hapo ni mlimani," Pihla akanitafsiria.
"Mlima gani?"
Wote wakanitazama
kama mtu aliyeuliza jina la mama yake.

Nyuma ya jengo la mwisho, Reijo wa trekta
husukumia theluji ya mtaa mzima.
Alfajiri kwa alfajiri, rundo juu ya rundo,
hata Januari ikifika mlima unachungulia
dirisha la ghorofa ya pili.
Wana mapango humo. Wana sheria:
wadogo hupita kwanza, kusukumana ni chini tu.
Aprili unapokufa huenda kuuaga,
nao huwarudishia, mmoja mmoja,
glavu, funguo, kijiko cha shule.

Katika karatasi zangu mahali pale paliandikwa:
maegesho, magari kumi na manne.

Nilirudi ofisini na tramu, biskuti zimeisha.
Fomu ina mstari wa bembea, ina mstari wa benchi;
haina mstari wa mlima
unaokuja wenyewe na kuondoka wenyewe.
Nikaandika kwenye Mengineyo, herufi ndogo ndogo,
nikageuza karatasi, nikaendelea nyuma.
Kisha nikampigia simu Reijo,
nikamuuliza kama rundo linaweza kuinama kidogo
upande wa taa, lisielekee barabarani.
Kimya kirefu. Nilidhani simu imekatika.
"Miaka kumi na tisa," akasema,
"nikiwaona wanakuja, nazima injini nangoja.
Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Ukuta wa mama Nasteho umepitishwa, sentimita tisini.
Maegesho bado tunabishana.
Juu ya papa
sijapata ujasiri wa kumwambia mhasibu.