Wati Ishirini

Mnara wetu wa Posio una wati ishirini tu.
Balbu ya zamani ya jikoni kwa mama ilikula mara tatu yake.
Mimi, Saimi Kurtti, nalipwa mshahara kuzigawa.

Usiku huu theluji inapiga ubavuni,
na kwenye skrini nina nukta tatu.
Moja haitikisiki: kijana wa hotelini, miguuni pa mnara, anatazama hoki.
Moja inatambaa: Oiva Määttä na greda lake, kilomita kumi na moja.
Moja inakimbia: gari la wagonjwa, mama mwenye uchungu ndani,
Rovaniemi bado mbali.

Nilipoanza kazi nilidhani haki ni kukata mkate sawasawa.
Nikakata.
Kijana akavimbiwa, Oiva akapata nusu ya neno.
Fimbo ya mbali haiui nyoka;
umbali hula sauti njiani, haubakizi hata makombo.

Basi nikageuza mizani:
wa mbali apaziwe sauti, wa karibu anong'onezwe,
wote kwa pumzi moja, juu ya wimbi moja.
Simu ya kijana hupokea kwanza ya Oiva,
hupapasa umbo lake bila kufungua kufuli,
huyatoa,
na chini yake, kama sarafu chini ya theluji,
huokota yake.
Mwenyewe hajui. Anashangilia bao.

Shida ni kwamba watu hawatulii.
Gari linaniambia lilipo; nikisikia, limeshapita.
Nagawa kwa habari za jana,
hata kama jana yenyewe ni elfu tano ya sekunde.
Sasa liko mbali, sasa liko karibu kuliko kijana,
sasa mbali tena, na kila mara meza inapangwa upya.

Saa nane na dakika sita dereva anampigia Oiva:
tusafishie mlima.
Oiva anasikia. Anasema, nageuza.
Kisha nukta yake inaingia nyuma ya kilima, inazimika.

Programu haiombolezi. Papo hapo wati zake zinagawiwa waliopo.
Niliiandika hivyo kwa mkono wangu.
Kwa mkono huohuo nazuia wati tatu, naziacha zikimwita gizani.

Hotelini picha inakwama.
Kijana anaulaani mnara.

Namwacha alaani.
Naangalia mahali ilipokuwa nukta.