Makabidhiano, Nurmes

Oona, shika ufunguo. Una kutu shingoni,
nao haugeuki mpaka uusukume juu kidogo,
kama unavyoinua kidevu cha mtoto anayelia.
Huu ni wa chumba cha pampu.
Ule wa kabati la mafaili aliondoka nao Taisto
mwaka ule aliojiuzulu kwa barua ya kurasa tisa.
Tangu hapo tunafungua kwa bisibisi. Anzia hapo:
nenda kwake, unywe kahawa yake chungu, uuombe.
Usituombee radhi. Sikiliza kurasa zote tisa.

Daftarini tuko mia moja arobaini na watatu.
Wanaoingia ziwani ni themanini.
Wanaokuja na koleo theluji ikianguka ni sita,
na mmoja wao ni mume wangu.
Usiwakaripie wavivu mkutanoni:
waliokuja wataumia bure, wasiokuja hawatasikia.
Mpigie mtu mmoja simu. Mwambie, "Veijo,
Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi,
ngazi imeganda, njoo na chumvi."
Tangazo la wote halina mwenyewe;
jina la mtu lina mikono miwili.

Ada ilikaa yuro ishirini kwa miaka kumi na mmoja
kwa kuwa niliuogopa uso wa Aune.
Kuni zikapanda, umeme ukapanda, mimi kimya,
mpaka pampu ikafa usiku mmoja wa Januari.
Asubuhi tukakuta tundu limezibika,
barafu unene wa kiganja,
wazee wamesimama na taulo mabegani
wakilitazama ziwa kama waliofiwa.
Hapo ndipo nikaomba nyongeza.
Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Aune.
"Tulikuwa tunangoja uulize," akasema.
Pandisha kidogo, kila mwaka, mchana kweupe.

Fedha: saini mbili, hata ukimwamini Ilpo.
Hasa ukimwamini. Saini ya pili ni blanketi lake
siku minong'ono itakapoanza.
Mali bila daftari, unajua inavyoishia.
Nami nakiri: risiti za kiangazi cha mwaka juzi
zimo kwenye kopo la biskuti. Zinanuka samaki.

Mkutano mkuu usipite saa moja na nusu.
Washa sauna kabla ya kufungua ajenda;
wanaojua moto unawangoja
hawagombanii koma ya katiba.
Akidi ni kumi na watano. Mwaka mmoja
tulipungukiwa na mtu, tukamtoa Kauko majini,
akapiga kura amejifunga taulo, anatetemeka,
akapinga.
Iandikwe hivyo: alipinga.

Huyo Kauko atapinga hata ukimshukuru.
Lakini ndiye aliyeona, kabla ya mkandarasi,
kwamba gati jipya linautazama upepo.
Nilimnyamazisha kwa kura. Tukashinda.
Upepo si mwanachama.
Kila barafu ikivunjika
tunalirudisha gati kwa kamba, na Kauko
huvuta nasi, bila neno, na hilo ndilo linaloniuma.

Kuna nisilolijua. Vijana
hulipa ada, huja mara mbili, hupotea.
Labda tuliwasomea kanuni
kabla ya kuwauliza majina.
Nakuachia. Sikulimaliza.

Na jambo hili si ushauri:
miaka tisa sikuogelea Jumamosi.
Nilisimama mlangoni nikihesabu wengine,
na maji yalikuwa hatua kumi.

Tundu halibaki wazi kwa shoka, Oona.
Ni ile pampu ndogo, chini huko,
inakoroga maji gizani usiku kucha
na hakuna anayeipigia makofi.
Iangalie kabla ya kulala. Kisha mpe mwingine zamu,
umpe kweli, usimwamshe saa nane za usiku
kumuuliza kama inanguruma.

Haya. Shika na taulo langu.
Leo ni Jumamosi.