Vipimo vya Mheshimiwa

Alikuja mara ya kwanza na kitambaa cha kaki
amekikunja ndani ya gazeti kisilowe.
Tukuyu hunyesha hata siku ya jua.
Kifua thelathini na sita, kiuno ishirini na tisa.
Ambokile Mwaseba, karani wa mizani ya chai,
anagombea udiwani.
Alinilipa kabla sijashika mkasi.
"Deni," alisema, "ni mlango wa shetani,"
na mimi, ambaye daftari langu lote ni madeni,
nikamwandikia vipimo ukurasa wa peke yake.

Sitamsingizia.
Kwenye mizani hakumwibia mtu hata kilo.
Barabara ya Masoko aliililia mpaka greda likaja.
Mzee wa kanisa, besi ya safu ya nyuma;
akipita kilabuni watu walisukuma kimpumu
chini ya benchi, wakaulizana habari za mahindi.

Miaka mitano. Kiuno thelathini na tatu.
Mwenyekiti wa halmashauri, suti ya Kaunda, rangi ya majivu.
Nina pini mdomoni, ananiambia:
"Mama Sekela, sketi za shule zishuke,
vidole vinne chini ya goti.
Kazi yote nakupa wewe."
Sketi mia tatu na themanini.
Nilishona mpaka cherehani ikanuka moto.
Jiko langu limeezekwa kwa sketi hizo,
kwa hiyo siwezi kusema sikula.
Hata vile vidole vinne vilikuwa vyangu.

Halafu Sekela, kidato cha tatu,
akaomba nimlegezee kiuno. Inchi moja.
Baada ya mwezi, nyingine.
Fundi gani asiyeelewa?

Barua ilikuja na muhuri wa bodi ya shule,
saini yake chini, mwandiko ule ule safi
aliokuwa akiandikia kilo za watu.
Nilimfuata nyumbani.
Alisimama, akanipa kiti, akamwambia mkewe alete chai.
"Nikimfungulia huyu mmoja,
wengine nitawafungia kwa uso gani?"
Hakukasirika. Heri angekasirika.
Chai niliinywa. Ilikuwa na tangawizi.

Ubunge: thelathini na nane.
Jirani wakasema, huyo usimshonee.
Nilimshonea. Alilipa kabla sijashika mkasi.
Ila nguo ya mtu anayepanda
huachiwa akiba ndani ya mshono,
ili akinenepa ifumuliwe, asihangaike.
Yake sikuiacha.
Niliikata, vipande nikavifagia.
Hiyo ndiyo siasa yangu yote.

Juzi, dukani kwa Mwambipile, runinga imewashwa.
Dodoma. Naibu Waziri anasimama kujibu swali la nyongeza.
"Mheshimiwa Spika, Serikali imetafakari.
Wasichana waliojifungua watarejea madarasani."
Alisoma bila kupepesa,
kama asomavyo somo la pili siku ya Jumapili.
Kule wakapiga meza.
Huku mtu akaomba sukari robo.
Mimi nilitazama bega la kushoto.
Linavuta. Kwapa limembana,
karatasi ameishika chini, karibu na tumbo,
kwa sababu mkono haupandi.

Sekela alikuwa nyuma yangu, kamshika mwanawe,
darasa la pili, viatu vimejaa tope.
Hakutazama juu. Aliulizia kaunta buku.
"La mtoto?" Mwambipile akauliza.
"Mtoto anaandikia madaftari madogo," akasema.
"Nipe mawili."

Leo dereva ameniletea mfuko wa rambo.
Koti lile. Ndani, noti, zaidi ya bei,
na kikaratasi kwa mwandiko safi:
*Mama Sekela, liongeze kidogo. Ndaga fijo.*
Nimeligeuza nje ndani, nimefumua mshono wa kwapa
kana kwamba sijui ninachokitafuta.
Uzi tu.
Kitambaa cha rangi hii Tukuyu hakipo.
Mvua ikikatika nitapanda gari la Mbeya.