Wau Mbili

Mjomba Muhenna alinieleza maradhi yake kwa sentensi moja,
kashika ukingo wa beseni, Al Khoud, mwezi wa Agosti:
"Nakojoa chini, nasikia juu."

Jiwe walilivunja, likatoka unga.
Wakamwachia ndani mrija, sentimita ishirini na sita,
umejikunja ncha zote mbili kama herufi wau:
wau moja ndani ya figo, wau moja ndani ya kibofu,
na katikati njia wazi, haina bawabu.

Mkaza mjomba husema maji yakimwagika hayazoleki.
Hakuujua mwili. Kibofu kikijibana
mkojo hauulizi mlango upi ni wa kutokea;
mwingine hushuka, mwingine hupanda mrija ule ule
kwenda kugonga figo usiku wa manane.
Basi mjomba akapunguza maji.
Joto digrii arubaini na sita, na yeye analamba glasi
kama anayeonja dawa ya adui.
Ndivyo jiwe la pili linavyoanza:
kwa mtu anayeogopa choo.

Mimi kazi yangu ni mirija.
Chumba chetu kiko Ghala, nyuma ya gereji ya rangi.
Tangi la kioo, pampu, puto la mpira badala ya kibofu,
na mkojo tunaouchanganya wenyewe,
chumvi kwa mizani ya sonara.
Biju, fundi wetu, huutia rangi nyekundu,
"ili aibu ionekane," anasema,
kwa Kiswahili alichokiokota kwangu.

Vali ya kwanza ilikuwa mdomo wa bata.
Ikafunga vizuri. Siku ya kumi na moja
chembe zikauotea mdomo kama ukoko wa chumvi kwenye birika
na bata hakufumbua tena.
Figo lingekufa kimya kimya.
Ya pili niliilainisha; puto lilipobanwa
ikapinduka ndani nje,
kama mkono wa kanzu uliovuliwa kwa haraka.
Ya tatu sitaki kuizungumza.

Ya nne ilitoka kwenye friza ya mkaza mjomba.
Bado anatengeneza barafu za mfuko, za ukwaju,
wajukuu wanazinyonya mbele ya kiyoyozi.
Nilikuwa namshikia ule ukanda mrefu wa plastiki,
mwembamba kama ngozi ya kitunguu, nikaona:
ukilowa, kuta zake hushikana.
Ukimimina kwa juu, hupisha bila ubishi;
ukiubana kwa chini, hulala bapa, haurudishi tone.
Hauna bawaba. Hauna mdomo wa kuota chumvi.
Nikauliza bei ya mfuko mmoja.
Akanitazama kama mwehu.

Sasa wau ya chini nimeikata.
Mahali pake nimening'iniza soksi ya silikoni,
unene wake sehemu ya kumi ya milimita,
na uzi mmoja wa kuizuia isipande.
Usiku ule Biju akabana puto.
Nyekundu ikaipiga soksi, ikasita,
ikatafuta pengo pembeni, ikakosa.
Juu, maji yalibaki meupe.
Hatukupiga makofi. Gereji ilikuwa imefungwa
na rangi ya magari ya watu ilinuka mpaka ndani.
Biju aliandika ukutani: siku ya kwanza.

Mjomba wameshamtoa mrija wake, wiki tatu zimepita.
Nilimpelekea kidude changu kiganjani,
kimelala kama utando wa maziwa.
Alikishika kwa kucha, akakipulizia, kikafunguka.
"Nilikihitaji Agosti," akasema,
akainua glasi, akanywa yote, akaomba nyingine.

Ukutani kule Ghala ni siku ya tisa.
Kumi na moja haijafika.