Jaribu kwa Ukucha

Nimepewa neno moja asubuhi hii, ghorofa ya pili,
Barabara ya Enterprise, harufu ya kiwanda cha sabuni
ikipanda dirishani, kali hadi machozi.
(Hiyo tayari ni maana ya nne.)
-kali. Kistari kwanza, halafu neno.
Nimelitazama mpaka chai imepoa.

Baba yangu, Kyengo, alinoa visu pale Burma
kabla nyama ya kwanza haijatundikwa.
Aliisimamisha baiskeli kwa stendi, akapanda,
akainyonga kwa bidii huku haendi popote,
na kinoo kikalia mlio wa kutia meno ganzi.
Cheche zilimwangukia miguuni. Hakuzikung'uta.
"Usijaribu kisu kwa kidole," alisema,
"kidole kitakuambia ukweli mara moja tu.
Jaribu kwa ukucha.
Kikiteleza, bado. Kikikwama, kimeiva."

Jumamosi tulikwenda Kileleshwa, kwenye mageti marefu.
MBWA KALI: bati jekundu, na kichwa cha mbwa
kilichochorwa na mtu asiyewahi kuumwa.
Nilikuwa darasa la sita, mwanafunzi wa Mwalimu Nekesa,
nikasema, Baba, wamesahau m.
Baba akatega sikio getini kidogo.
"Na mbwa pia wamemsahau," akasema.
Yaya akaleta visu ndani ya gazeti,
akampa baba upande wa makali.
Akaupokea. Njiani akaniambia ndiyo kazi yenyewe,
wao mpini, sisi makali,
shilingi ishirini kwa kimoja.

Mama sikuwahi kumsikia akipaza sauti.
Aliweka tu sahani mezani, taratibu,
upana wa kidole kimoja mbali na mkono wa baba,
na nyumba nzima ikajua.
Ukali huo niupe namba gani?

Halafu mtoto wa jicho. Jina la ajabu,
kana kwamba jicho lilikuwa limetamani kuzaa.
Baba alinoa kwa sikio miaka miwili
na wauza nyama hawakushuku kitu,
mpaka siku alipouliza kama kumeshakucha
nasi tuko saa saba,
jua la Januari limetukalia utosini.

Walipomfungua bendeji aliangalia dirisha kwanza.
Waya za stima, alisema, moja moja.
Korongo juu ya mgunga, na uchafu wa mdomo wake.
Kisha akanigeukia, akanitazama sana,
kama anayetafuta pengo kwenye kisu cha mteja.
"Kasyoka," akasema, "umezeeka lini?"
Daktari akacheka kwa adabu.
Mimi nikamtafutia viatu vyake chini ya kitanda,
nikavitafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Saa nne na nusu. -kali.
Kile kistari, sasa nakiona, ni mpini.
Hushikwa na m-, hushikwa na ki-, na wa-, na ma-,
yeyote apitaye na jina lake.
Lile bati la Kileleshwa lilikuwa kisu kitupu,
na baba alikipokea hivyo hivyo, kwa kiganja.

Naandika maana ya kwanza. Naifuta.
Naweka ukucha wa gumba juu ya karatasi,
nalisukuma neno polepole.

Linateleza.