Jiwe la Kilo Mbili

Tuliondoka Malindi kabla muuza kahawa hajapuliza makaa,
mimi, Shekuwe, na mizani ya baba
imefungwa gunia kiti cha nyuma
kama mgonjwa anayerudishwa kwao.

Minyororo ilianza kusema darajani Sabaki.
Mto ulikuwa mwekundu, umebeba magogo ya watu wa juu,
na Shekuwe akapunguza mwendo, si kwa kuuogopa mto:
sahani zilikuwa zikigongana
kwa sauti ile ya alfajiri, baba akifunga safari.
Jumatatu Mambrui. Jumatano Marereni.
Ijumaa hapana.
Jumamosi Witu, na kulala huko huko.

Mambrui tulikula mahamri ya jana yaliyopashwa moto,
tumeegemea Probox, mkabala wa kaburi
ambalo bakuli zake za Kichina ziling'oka, yakabaki mashimo.
"Hata marehemu huyu alikuwa na vyombo," akasema Shekuwe.
Nikacheka, kisha nikakumbuka
arobaini ya baba haijatimia.

Nilikuwa na miaka tisa nilipoligeuza jiwe.
Chuma cheusi, namba imelika kwa viganja,
na chini yake duara la risasi, laini,
lang'aa kama jino la bandia.
Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?
Miguuni nilivaa viatu vilivyonunuliwa na duara lile.

Gongoni chumvi imerundikwa kando ya barabara,
wanawake wamejifunika nyuso, wanachota,
na kijana mwenye daftari anaandika uzani.
Marereni haikuwa siku ya mnada:
mbuzi mmoja, na kivuli cha bango la simu
alichokikalia.
Kupita Garsen nchi ikajilaza chali,
maji kushoto, maji kulia,
ng'ombe wakivuka lami taratibu
kama waliolipia.

Kizuizini askari akapapasa gunia.
"Nini hii?"
"Mizani, afande."
"Mnakwenda kumpima nani?"
"Baba," akasema Shekuwe,
na yule bwana akaondoa mkono wake, akatupisha.

Witu iliwahi kuwa na sultani.
Sasa ina duka la mbolea na pikipiki zilizopangwa kivulini,
na nyuma ya msikiti, njia ya mchanga
hadi kwa Bi Sidi Kitsao, jina la mwisho alilolitaja baba
akiwa bado anataja majina.

Tulimkuta anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
Hakuuliza sisi ni nani. "Pua hizo nazijua."
Nikalitoa jiwe, nikaligeuza.
Maneno niliyoyapanga tangu Sabaki yakanikauka:
amefariki, alisema tukulipe, hatujui ni kiasi gani,
miaka ishirini na sita, kila Jumamosi...

Akalipakata kiganjani. Akacheka mpaka akakohoa.
"Risasi hii? Aliyeimimina ni mjomba wangu."
"Na hukusema?"
"Niseme nini, mwanangu? Usiku wa kuamkia Jumamosi
tulizimwagia korosho maji. Ndoo mbili kila gunia.
Naye akitia mkono, ukitoka umelowa,
anaufuta kwenye shuka yake, kimya,
anauliza habari za watoto."

Akaitundika mizani kwenye boriti ya banda.
Jiwe huku. Huku akamimina korosho, akamimina,
mpaka mtanda ukasimama sawa, ukitetemeka kidogo.
"Hizi kavu," akasema. "Chukueni.
Kilo mbili za baba yenu."

Yaani kilo mbili na kitu.

Mizani tuliiacha pale. Kiti cha nyuma kikanyamaza njia nzima.
Karibu na Gongoni nikamweleza Shekuwe
habari za jiwe, na viatu, na miaka tisa.
Akatafuna korosho, akaendesha, akatafuna,
chumvi ikitupita nyeupe dirishani.
"Mimi," akasema hatimaye, "nilinunuliwa baiskeli."